Siku Mia Bila Ajali

Mimi ni mtunza stoo, na mtunza stoo hapendwi na mtu. Nikikunyima glavu mpya kwa sababu hukurudisha za zamani, naitwa mchoyo. Nikikupa, meneja ananiita mfujaji. Nimezoea. Lakini katika kiwanda chetu cha mabati, hapa Mbale upande wa viwandani, alikuwepo mtu aliyesumbua watu kuliko mimi na bado wakampenda. Huyo ni Racheal Nandutu, aliyekuwa akitunza kitabu cha ajali. Siku hizi kila mtu anamsimulia anavyotaka. Wapo wanaomfanya malaika, wapo wanaomwita mnafiki, na wote wananiudhi, maana mimi nilikuwepo. Tena nina sehemu yangu katika mambo yale, nami nitaisema zamu yake ikifika.

Racheal alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo kando ya lango ambacho zamani kilikuwa cha mlinzi. Humo aliweka meza, benchi, sanduku la dawa na vitabu vinne vyenye majalada magumu. Kimoja kilikuwa cha ajali. Cha pili kilikuwa cha ajali zilizokaribia kutokea, kama bati kudondoka hatua mbili kutoka mguu wa mtu. Cha tatu kilikuwa cha ukaguzi wa mashine, na katika cha nne aliandika kila aliyekuja kufungwa kidonda au kupewa dawa ya kichwa, hata kama maumivu aliyatoa nyumbani kwake.

Nimefanya kazi katika kampuni tatu, najua vitabu vya namna hii huandikwaje. Mkaguzi wa serikali akisikika anakuja kesho, mtu mmoja hufungiwa chumbani na kalamu moja, na kufikia jioni mwaka mzima umeshaandikwa, mwandiko ule ule, wino ule ule, na ajabu, hakuna aliyeumia. Vya Racheal viliandikwa siku kwa siku. Ukivifungua unakuta doa la chai hapa, wino wa kijani pale kwa sababu wa bluu uliisha, na mahali alipokosea amepiga mstari mmoja tu, neno la zamani likabaki linasomeka, akatia sahihi pembeni. Kufuta alikuwa hataki kabisa.

Mtu akiumia, alimkalisha kwenye benchi, akamfunga kidonda kwanza, kisha akaanza kumuuliza. Ulisimama wapi? Mkono gani? Uliona nini, ulisikia nini? Hakuuliza kosa ni la nani. Alisema kosa la nani ni kazi ya wengine, yake ni kujua kilichotokea. Mimi aliniudhi mara nyingi kwa kuja stoo kuhesabu glavu nilizotoa, kana kwamba nazila.

Kabila lake ni Mgisu wa hapa hapa, lakini alikulia Jinja, huko Mpumudde, kwa sababu baba yake, afande Matia, alikuwa askari magereza. Katika nyumba za askari watoto walitoka kila pembe, Waacholi, Wateso, Walugbara, na lugha yao ya kuchezea ikawa Kiswahili. Alipoletwa Mbale watu wazima kiwandani walishtuka kidogo. Kwa wengi wao, waliokua enzi za utawala wa kijeshi, Kiswahili kile bado ni sauti ya askari anayegonga mlango. Racheal alikitumia kumwambia mtu atulie, kidonda si kikubwa, na baada ya miezi michache hakuna aliyeshtuka tena.

Baba yake alihesabu wafungwa asubuhi na jioni, na hesabu isipolingana hakuna askari aliyekwenda nyumbani. Racheal aliniambia kwamba utotoni alijua chakula cha jioni kitachelewa kwa kusikia filimbi tu. Alipopata kazi kwenye kiwanda chetu cha Jinja, akiwa amepanga chumba Nalufenya, alianza kwa kupokea wageni na simu. Kazi ya kumbukumbu za usalama hakuna aliyeitaka, maana haina cheo na inakugombanisha na kila mtu. Yeye aliichukua. Alisema watu zaidi ya mia wanaingia getini wakiwa wazima, basi ni lazima awepo mtu wa kuangalia kama wanatoka wazima. Aliifanya Jinja miaka minane, na kampuni ilipofungua kiwanda cha Mbale wakamleta huku.

Sasa niseme habari za ubao. Bosi mkubwa aliona mahali fulani wazo la kutundika ubao getini, umeandikwa SIKU BILA AJALI, na chini yake namba inayobadilishwa kila asubuhi. Mtu akiumia, namba inarudi sifuri. Kiwanda kikifikisha siku mia, kampuni inatoa ng'ombe, anachinjwa uwanjani, na watu wanakula na kuimba mchana mzima. Wazo lilikuwa zuri kwa anayekaa ofisini. Jinja walikula ng'ombe mara mbili. Sisi Mbale tulikuwa hatujawahi kuvuka siku sitini na nne. Kwenye kundi la simu tulilochangia viwanda vyote viwili, watu wa Jinja walitutumia picha za mifupa waliyokwisha kuguguna, wakituuliza kama huku milimani tunajua nyama ina ladha gani.

Namba ya ubao ikawa ya kila mtu. Asubuhi watu waliisoma kabla ya kusalimiana. Ilipofika themanini, wanawake wa jikoni walianza kubishana kama supu iwekwe malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi, au isiwekwe. Ilipofika tisini, watu walitembea karibu na mashine taratibu, na nilidhani ubao umefanya kazi yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nachungulia namba ile kama mtoto.

Siku ya tisini na saba mashine tuliyoiita Namba Mbili ilivuta glavu ya Magidu. Namba Mbili ni mashine ya kukunja bati, ina rola za chuma zinazozunguka mbili mbili, na pembeni ina kitufe kikubwa chekundu cha kuisimamisha mara moja. Magidu alikibonyeza kwa mkono wa kushoto. Mashine ikaendelea kuzunguka kama haikusikia, halafu ndipo ikasimama. Kilichomwokoa ni kwamba siku ile sikuwa na glavu za saizi yake, nilimpa kubwa, mkono ukachomoka na glavu ikabaki. Kidole cha kati kilipondeka ncha na ukucha ukatoka.

Racheal alimfunga, akamuuliza maswali yake, na Magidu akamweleza habari ya kitufe kama nilivyoieleza. Akafungua kitabu cha ajali. Hapo msimamizi wa zamu, Mukama, akaingia na watu sita nyuma yake, wakajaa chumba. Kanuni yetu ilikuwa kwamba mashine ikimuumiza mtu na ikaandikwa, inafungwa mpaka fundi wa umeme atoke Jinja aifungue na kuikagua. Mukama alisema mashine haina neno, ataiangalia mwenyewe, na kidole kimoja kisirudishe watu wote sifuri. Wengine walisihi, mmoja akataja Jinja. Racheal aliwaambia watoke.

Walitoka, akabaki Magidu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kufuata glavu yangu.

"Madamu, hii kidole ni yangu," Magidu alisema. "Mimi ndiye naomba. Ukiandika, watasema Magidu aliua ng'ombe ya watu. Nitakula wapi chakula? Nitakaa na nani?"

Hapo ndipo maneno ya Magidu yalipomshika Racheal. Aliwahi kumwona kijana wa Jinja aliyeharibu namba siku ya tisini na moja kwa kuteguka kifundo cha mguu. Watu walimpa jina la Sifuri, wakamwita hivyo hata mbele ya mkewe, na baada ya miezi miwili akaacha kazi. Kijana yule Racheal hakumsahau, tena yeye ndiye aliyemwandika. Kisha akafunga kitabu cha ajali, akavuta kile cha dawa, akaandika: Magidu, kidole cha kati, mkono wa kulia, aliumia nyumbani akipasua kuni.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wanapopindisha. Hakula hongo na hakuogopa meneja. Alimwonea mtu huruma. Na nitasema tena kwamba alikosea, na nilijua anakosea, nikanyamaza. Magidu alinifuata stoo na glavu imechanika katikati, na kwangu kuna kitabu ambamo naandika sababu ya kila glavu inayorudi. Niliandika: zimechakaa. Glavu nilikuwa nimezitoa asubuhi ile ile.

Racheal alimwomba Mukama, kwa mdomo tu, angalau akikague kitufe. Mukama alikibonyeza mara kumi mbele yake, na mara kumi mashine ikasimama. Akasema Magidu alichanganyikiwa, mtu mwenye mkono ndani ya mashine anaona dakika pale ilipo sekunde. Pasipo maandishi, fundi wa Jinja hakuwa na sababu ya kuja. Racheal akarudi ofisini, na mashine ikaendelea na kazi.

Siku ya mia ilikuwa Jumamosi. Ng'ombe alikuwa mwekundu, amefungwa getini tangu Alhamisi, na Jinja walituma watu watatu waje kushuhudia kushindwa kwao. Kwenye sherehe nyingine anayechinja kwetu ni Magidu, ili Waislamu na Wakristo tule sufuria moja. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa na bendeji, alichinja Faizal, mwenzake wa Namba Mbili, kijana mtaratibu aliyeoa mwaka uliopita. Tulikula. Supu ikawekwa malewa. Mimi nilikula sahani mbili, sitajifanya. Racheal alisema tumbo lake si zuri, akanywa chai ya mkandaa peke yake kando ya ofisi, na watu wakamtania kwamba amefunga.

Siku ishirini na nne baadaye, Jumanne saa nne asubuhi, Namba Mbili ilivuta glavu ya Faizal. Safari hii nilikuwa nimeshapokea mzigo mpya, na glavu zilikuwa saizi yake kabisa. Mkono haukuchomoka. Nilisikia sauti yake kutoka stoo, na sitaieleza. Walipofanikiwa kuizima mashine kwenye swichi kuu, vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda. Racheal alipanda naye gari mpaka hospitali akiwa amemshika bega, na njiani Faizal alirudia neno moja tu, kwamba alibonyeza.

Meneja wetu, Conrad, si mtu mbaya, lakini ni meneja. Alikibonyeza kitufe, kikafanya kazi. Akamwita Mukama, naye akakibonyeza, kikafanya kazi. Mkaguzi wa kazi alipofika, mwanamke mmoja makini aitwaye Nabirye, kitufe kilifanya kazi mbele yake pia. Ikawa neno la Faizal dhidi ya kitufe. Kama alibonyeza, kosa ni la mashine, na kampuni inawajibika kwake. Kama hakubonyeza, ni uzembe wake mwenyewe, fidia inaweza kupotea, na mtu asiye na vidole vinne vya mkono wa kulia anarudi nyumbani mikono mitupu.

Nabirye akaomba kitabu cha ajali. Alikisoma saa nzima, ukurasa kwa ukurasa, Racheal akiwa amesimama mbele yake. Nilikuwepo kwa sababu aliniita nilete kumbukumbu za glavu. Mwishoni alikifunga taratibu.

"Nimekagua viwanda vingi huku mashariki," alisema. "Kitabu cha kuaminika kama hiki sijakiona. Mpaka aliyechomwa na sindano ya kushonea yumo. Kama kitufe kile kingekuwa na ugonjwa, ungeonekana humu."

Nilimtazama Racheal. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Miaka yote ile ya kuandika ukweli ndiyo iliyokuwa inamshuhudia Faizal kwamba ni mwongo. Kama angekuwa mtu wa kuandika ovyo kama wengine, Nabirye asingekiamini kitabu, angetafuta kwingine. Racheal hakusema kitu siku ile. Hilo nalo ni kweli, na wanaomfanya malaika huliruka.

Alikaa na jambo lile siku tatu. Kila siku mke wa Faizal, Ramula, alikuja getini na kitambaa chake cha kijani, akasimama chini ya ubao uliorudi sifuri, na kila aliyetoka akamwambia maneno yale yale, kwamba mume wake si mwongo, alibonyeza. Hakupiga kelele. Watu walianza kutokea mlango wa nyuma, wa malori. Mimi pia nilitokea huko, mara mbili.

Siku ya pili Racheal alimwendea Magidu nyumbani, akamwomba waende wote wakaseme. Magidu alikataa. Alisema wakimuuliza atasema alikuwa anapasua kuni, na kwenye kitabu ndivyo ilivyoandikwa, kwa mkono wa nani? Racheal alinisimulia hayo bila hasira. Alisema Magidu alikuwa anasoma tu kile alichoandikiwa.

Siku ya tatu alikuja stoo. Aliomba kitabu changu cha glavu, akageuza kurasa mpaka siku ya tisini na saba, akaweka kidole kwenye neno langu. Zimechakaa. Alinitazama juu ya miwani ile yenye uzi, na mimi nikaanza kupanga mabuti ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Wanyama, nakwenda kuandika," alisema, akiniita kwa jina. "Jina lako sitalitaja. Lako ni lako."

Ningependa kusema nilimfuata. Sikumfuata. Nilibaki na mabuti yangu, nikamkasirikia, nikajiambia kwamba ana mtoto mmoja tu na mimi nina watano, kana kwamba watoto wangu ndio walioandika. Kutokea dirishani nilimwona akikaa mezani kwake. Alifungua kitabu cha dawa, akapiga mstari mmoja juu ya kuni, akatia sahihi. Kisha akafungua cha ajali na akaandika ukurasa mzima na nusu bila kuinua kichwa.

Maandishi yale alianza kumpelekea Conrad, kama utaratibu unavyotaka. Conrad alimsihi kweli kweli. Alimwambia anajichimbia kaburi, kampuni itamfukuza kwa kughushi kumbukumbu, na serikali inaweza kufunga kiwanda, watu wote mia na arobaini wakae nyumbani kwa ajili ya mtu mmoja. Alimwomba amwachie yeye vitabu usiku mmoja tu afikirie. Racheal alimjibu kwamba vitabu vikilala kwake, kesho hatajua kilichomo. Akavifunga kwenye kitenge, akatoka getini, akaita bodaboda, akaenda ofisi ya kazi ya wilaya.

Nabirye alirudi kesho yake na fundi wa umeme wa kwake. Fundi hakubonyeza mara kumi. Aliomba kiti, akakaa mbele ya Namba Mbili, akawa anawasha na kubonyeza, anawasha na kubonyeza, na Nabirye anahesabu kwa sauti. Tulisimama wote, hata wapishi. Mara ya thelathini na saba kitufe kilizama, na mashine ikaendelea kuzunguka. Ilizunguka mpaka nikahesabu nne moyoni, ndipo ikasimama. Alipofungua kisanduku, nyuma ya kitufe palikuwa pamejaa vumbi la bati lililoshikana na grisi, gumu kama ugali uliolala.

Hapo Magidu alivua glavu mbele ya watu wote, akaonyesha kidole kisicho na ukucha, akasema ni mashine hii, kuni hakupasua. Na mimi, baada ya mtu mwenye kidole kusema, baada ya mashine yenyewe kusema, ndipo nilipoinua mkono nikaeleza neno langu. Nilikuwa wa mwisho. Nabirye aliniandika bila kunitazama, na nilipewa onyo la maandishi ambalo liko kwenye faili langu mpaka leo.

Mukama alishushwa cheo. Ubao ulishushwa vile vile, na Jinja pia waliushusha wa kwao. Barua ya Racheal ilikuja Ijumaa, mistari minne, kwamba ameachishwa kazi kwa kuandika kumbukumbu za uongo. Wengi walitaka tugome. Yeye alisema barua haina kosa hata moja, akaniomba boksi tupu la kuwekea vitu vyake, na safari hii sikumdai sahihi kwenye kitabu cha kutolea vitu.

Kulibaki jambo moja. Taarifa mpya ya ajali ya Faizal ilitakiwa iwekwe alama na watu wawili, aliyeumia na aliyeandika, hata kama aliyeandika amefukuzwa. Tulikutana ofisini kwa Nabirye, mimi nikiwa shahidi wa glavu. Faizal alikuja na Ramula, mkono wake wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Alipomwona Racheal alitabasamu, akamshukuru kwa kumpeleka hospitali siku ile, akamwombea heri. Ndipo nilipofahamu kwamba hakuna aliyemweleza. Alijua tu kitufe kimekutwa kibovu na yeye ameaminiwa.

Nabirye alimsomea taarifa yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka, na kwa sababu taarifa ilianzia mwanzo, ilianzia kwa Magidu. Alisoma siku ya tisini na saba. Alisoma kuni. Alisoma kwamba mwandishi alijua mashine imekataa kusimama na hakuandika, na kwamba kama ingeandikwa, mashine ingefungwa siku hiyo hiyo. Sentensi ile Racheal aliiweka yeye mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Faizal alisikiliza mpaka mwisho. Tabasamu lilikuwa limekwisha zamani.

"Madamu, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kama ungeandika, mimi ningekuwa na mkono?"

Niliomba moyoni aseme hatujui, Mungu ndiye ajuaye, neno lolote la kumfunika mtu. Racheal alivua miwani, akamtazama kwa macho yake matupu.

"Ndiyo, Faizal. Ungekuwa nao."

Ramula aliingiza uso ndani ya kitambaa chake. Faizal hakulia wala hakutukana. Alisogeza kiti mezani. Mkono wake wa kuandikia haukuweza kushika kalamu tena, kwa hiyo Nabirye akamsogezea kibao cha wino ili atie dole gumba la kushoto. Alama ya kwanza ikaparuzika, kwa kuwa mkono ule haukuzoea. Nabirye akasema haisomeki, inabidi irudiwe.

Racheal, kwa mazoea ya miaka yote ile ya kuwashika watu walioumia, alinyoosha mkono amshike kifundo. Faizal akauondoa mkono wake. Alingoja mpaka Racheal aliporudisha wa kwake chini ya meza, kisha akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu, na safari hii alama ikatoka nzima, kila mstari unaonekana.